Mlima wa Chipsi Juu ya Karatasi

Msimu baba alipoacha kula, mimi nilikuwa nikiishi Butembo, katika chumba kimoja nyuma ya ghala la vitenge, na habari zake zilinifikia kwa simu kutoka Beni. Aliyenipigia alikuwa mke wa kaka yangu. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa mwanamke wa mpangilio, mzaliwa wa vilima vya Lubero, ambaye hata kabichi za nyuma ya nyumba yao ya Mulekera, hapo Beni, zilisimama kwa mistari kama wanafunzi kabla ya kengele. Lakini siku hiyo sauti yake ilikuwa imelowa.

"Mulamu," aliniambia, kwa maana ndivyo tulivyoitana, wifi kwa wifi, "baba yako hapana kula. Napika samaki, hapana. Napika majani ya sombe, hapana. Anagusa na vidole, anasema aksanti mama, anafunika sahani. Batu ba hapa banaanza kuniangalia mubaya."

"Labda ni malaria."

"Tulipima. Malaria hapana. Anasema atarudia Mbau."

Hapo ndipo nilipokaa kitandani.

Mbau ni kwetu. Iko kwenye barabara ya kutoka Beni kwenda Oicha, na shamba la baba liko ndani kidogo, mahali ambapo miti ya kakao inakutana juu ya kichwa chako na mchana unakuwa wa kijani. Mama alikufa nikiwa sijaanza shule. Baba akatulea pale, mimi na kaka, kwa kakao, kwa ndizi, na kwa kelele za majirani ambao hawakuwahi kupita mlangoni bila kuingia. Kisha zikaja siku za mashambulizi ya usiku, siku ambazo hakuna tena aliyelala shambani mwake. Kaka akaenda kumchukua akakae kwake Beni. Baba alitoka na begi, panga na redio yake, akafunga mlango kwa ufunguo, kama mtu anayekwenda misa na atarudi kabla ya jua kali.

Kila mtu Beni alijua kwa nini mzee hawezi kurudi Mbau kulala peke yake. Baba naye alijua. Lakini alikuwa na hoja yake, na aliirudia kila nilipompigia.

"Kama chakula ya hapa inakataa kupita, ni sababu mwili inataka kwetu. Mie sibishane na mwili."

Tukakubaliana aje Butembo, apimwe kwenye hospitali kubwa. Kama ana ugonjwa, atibiwe. Kama hana, basi, alisema, tusimzuie tena. Kaka alikuwa kazini, kwa hiyo wifi ndiye aliyemleta.

Nilikwenda kuwapokea asubuhi, mahali magari ya Beni yanaposhusha watu. Butembo ilikuwa imevaa ukungu wake. Wenyeji wa Beni huwa wanashuka pale wakijikumbatia, kwa sababu wameacha joto nyuma na hawakuamini mtu alipowaambia wabebe sweta. Baba alikuwa amevaa koti. Koti lile nililijua tangu utoto, la rangi ya udongo mkavu, na zamani lilimbana mabegani. Sasa lilimning'inia kama limetundikwa ukutani. Nilitazama pembeni nikamwulizia habari za safari.

"Barabara ni muzuri," alisema. "Ni vikalio bya gari tu ndio mubaya."

Wifi alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu na viatu vya kisigino kifupi, maana Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na mtu haji Butembo kama anakwenda kuchota maji. Alinishika mkono akauminya. Watu wa hospitali walikuwa wamemwambia baba aje na tumbo tupu kwa ajili ya vipimo.

"Ile naweza sana," baba alisema. "Kwa ile mie ni mwalimu."

Alicheka peke yake.

Hospitalini walimtoa damu, wakamlaza, wakamgeuza, wakampitishia mashine tumboni. Mchana ulikuwa umeshaanza kupita daktari alipotuita. Alikuwa kijana, na alimsemesha baba kwa adabu kubwa. "Muzee, hatuone kintu. Tumbo iko muzima. Moyo ni ya kijana. Kula tu."

Wifi alipumua, kisha uso wake ukaanguka. Nilimwelewa. Kama tumbo ni zima, basi tatizo ni nini, kama si mkono wake unaopika?

Baba alitoka nje amejaa ushindi. "Munasikia? Sina ugonjwa. Juma ya kesho niko Mbau."

Mvua ikaanza.

Mvua ya Butembo haipigi hodi. Inateremka kutoka vilimani kwa wakati mmoja, na barabara inageuka mto wa rangi ya chai ya maziwa. Watu walikimbilia barazani, wamotari wakasukuma pikipiki zao chini ya mabati. Sisi tulikimbia tukiwa tumemshika baba huku na huku, na mlango wa kwanza uliofunguka mbele yetu ulikuwa wa nyumba ile mpya.

Mji mzima uliizungumzia. Ilikuwa moja ya nyumba za kula za kampuni yenye matawi katika miji mingine mikubwa, na sasa ilikuwa imefika kwetu, na taa zake, na viti vyake vyekundu vilivyofungwa sakafuni kama vinaweza kutoroka. Wanafunzi walipigia picha mlangoni. Mimi nilikuwa nimepita pale mara nyingi, nikasimama nje, nikaziangalia zile picha za mikate iliyonenepa kwa nyama na majani mabichi, nikavuta harufu ya mafuta ya moto hadi tumboni. Sikuwahi kuingia. Nilikuwa nikingoja siku yenye sababu. Nilipomwona baba amesimama katikati ya mwanga ule mweupe, maji yakimtiririka kutoka kwenye koti, nikaona sababu haitakuja na sura nzuri kuliko hii.

"Papa, tukule hapa."

"Mutakula. Mie nitabaangalia."

Kwenye kaunta kulikuwa na binti mwenye kofia. Nikaagiza baga za watu watatu na chipsi za watu watatu. Baba alipoona natoa pesa alinisogelea.

"Unalipa mbele ya kuonja? Na kama ni mubaya?"

"Papa, hapana mubaya," binti alisema.

"Wewe unaweza sema ingine?"

Binti akacheka mpaka kofia ikamteleza. Nikafurahi. Zamani baba alikuwa hivi kila siku.

Tulipokaa, aliweka mikono yote miwili juu ya meza, viganja vikitazama juu, akanitazama. Nilijua anachongoja. Kwetu mtoto wa mwisho ndiye anayeleta maji, anainama na kumwagia wakubwa mikononi. Kulikuwa na karai la kunawia ukutani pale pembeni, na watu wamepanga mstari mbele ya bomba.

"Papa, hapa kila mutu anaenda kunawa yeye mwenyewe."

"Mie nitasimama mustari juu ya maji? Mbele ya batoto?"

Basi nikachukua kikombe kirefu cha karatasi, nikakijaza bombani, nikarudi. Beseni hakuna. Nikaangalia kushoto na kulia. Karibu na meza yetu kulikuwa na chungu kikubwa chenye maua ya plastiki. Baba akaweka mikono juu ya chungu, nami nikamwagia polepole, nimeinama kama inavyotakiwa, na maua yale ambayo hayakuwahi kunyweshwa tangu yazaliwe kiwandani yakapata mvua yao.

"Yesu wangu," wifi alisema, akajifunika uso na pembe ya kitenge. Meza za jirani zilikuwa zimegeuka.

Kisha chakula kikaletwa. Kilikuja chote kwenye sinia moja la plastiki, lililotandikwa karatasi nyeupe: baga tatu zimefungwa kama zawadi, chipsi katika vijaluba vya karatasi ngumu, tomato na mayoneze katika vipakiti vidogo. Mimi nilinyoosha mkono nichukue changu. Nilikuwa nimeota jambo hilo: kushika baga kwa mikono miwili, kama kwenye picha, na kuuma.

Baba alikuwa mwepesi kuliko mimi. Aliona sinia, na kwake sinia ni sahani. Alichukua kijaluba cha kwanza, akakipindua katikati ya karatasi. Cha pili, akakipindua. Cha tatu. Ukasimama mlima wa chipsi, wa dhahabu, ukitoa mvuke. Kisha akafungua baga zote, akaondoa kofia za mikate, akatoa nyama na kuziweka upande mmoja, majani upande mwingine, mikate akaimega vipande vya kushikika na kuvizungusha pembeni. Akapasua vipakiti kwa meno na kumimina tomato ziwe bwawa dogo karibu na nyama. Kwa dakika chache akawa amegeuza chakula cha kampuni kuwa meza ya Mbau: hapa obundu, ugali wetu, hapa mboga, hapa mchuzi.

"Papa!" wifi alinong'ona. "Kila mutu iko na yake!"

"Yake wapi? Sahani ni moja."

Alifunga macho, akasali kwa ufupi, akafungua macho. Hakula. Alimtazama kijana aliyekaa meza ya pili, motari aliyekimbia mvua kama sisi, kofia yake ngumu mapajani, kijaluba cha chipsi mkononi.

"Kijana, karibu."

Kila mtu kwetu anajua jibu. Mtu akila, humkaribisha anayepita. Na anayepita husema aksanti, nimeshiba, endeleeni, hata kama utumbo unamlia. Lakini kijana huyu alitazama mlima wetu, akatazama kijaluba chake, akainuka.

"Vieux, muzee wangu, sikatae," alisema, akaja, na bila kuulizwa akamimina chipsi zake juu ya zetu.

Baba alimwangalia kama anamwangalia mtoto wa ndugu yake. "Huyu bamemulea," alituambia.

Nikatia mkono. Motari akatia mkono. Baba alichukua kipande cha mkate, akakishika, akangoja. Nilifuata macho yake. Wifi alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, kama yuko kanisani.

"Na wewe?" baba alimwuliza.

"Mie nitakula nyuma, Papa. Kuleni."

Sikuwa nimelifikiria hilo kabla. Kwao, juu huko Lubero, mama yake alimlea kwa sheria moja iliyonyooka: mke wa mtoto hatii mkono katika sahani ya baba mkwe. Ndiyo sababu pale Mulekera alimtandikia baba meza yake peke yake sebuleni. Kitambaa cheupe. Sahani za harusi yake, zile zenye ua la bluu, kila kitu kimefunikwa. Kisha alifunga mlango wa sebule, akawanyamazisha watoto, ili mzee ale kwa amani. Kaka alirudi jioni sana. Watoto walikula jikoni.

Baba aliurudisha mkate kwenye karatasi.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, isiyo na mzaha, "kule nyumbani munaniweka peke yangu sawa na mutu mwenye kuambukiza. Nakamata obundu, naangalia ukuta. Ukuta inaniangalia. Chakula inasimama hapa." Alijigusa kooni.

Wifi aligeuka akamtazama usoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya mara nyingi. "Papa, ile ni heshima."

"Naelewa ni heshima."

"Naweka zile sahani juu yako tu. Hata padri hajakulia mule."

"Naelewa, mama. Mais, lakini, ile heshima inanifunga koo."

Mvua ilipiga mabati. Motari alikuwa ameacha kutafuna, chipsi moja imesimama shavuni. Mimi niliona mambo yote kwa pamoja, miezi ya kufunika sahani na kufunua sahani, mmoja akimheshimu mwenzake kwa nguvu zake zote, na mwenzake akikonda kwa adabu ili asimwudhi. Kule Mbau sikumbuki baba akila akiwa peke yake. Daima palikuwa na mkono wa jirani, mkono wa mvunaji, mkono wangu mdogo ukipenya katikati ya mikono mikubwa kutafuta samaki.

"Tia mukono," baba alimwambia. "Kama haukule, mie sikule. Na nikirudi Mbau, musiulize."

"Siwezi, Papa. Mama yangu akisikia..."

"Mama yako iko Lubero," motari alisema.

"Wewe, kula chipsi zako!"

"Zimekwisha changanyika, Mama."

Hapo wifi alifanya jambo ambalo nitalikumbuka hadi nizeeke. Aliinama juu ya sinia. Akashika pembe ya ile karatasi nyeupe kwa vidole viwili, akaisugua, akaitazama chini yake, kwa makini, vile anavyokagua kitenge sokoni kujua kama rangi itachuja. Akaiachia. Akaketi vizuri.

"Mais hii hapana sahani," alisema. "Ni karatasi."

Na akatia mkono.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu tulielewa ni jambo zito. Alichagua chipsi moja, ndefu, akaichovya katika tomato, akaila macho yakitazama mlangoni. Baba alimngoja amalize kumeza. Kisha akaokota mkate wake, akabania nyama, akachovya, akala. Akachukua tena. Akala tena.

Nami nikala. Ningependa kusema kwamba niliipata ladha niliyoiota nikiwa nje ya kioo, lakini sijui, maana nilikuwa nikisikiliza taya la baba. Najua kwamba mkate ulikuwa mtamu kidogo, mtamu kuliko mkate unavyopaswa kuwa, na nyama ilikuwa laini hadi ikawa na aibu. Najua kwamba chipsi zilikuwa na chumvi nyembamba nje na ndani zilikuwa kama pamba ya moto.

"Hii nyama," baba alisema akitafuna, "batu bameitafuna mbele yetu."

"Ni vile banaifanyaka, Papa. Banaisaga."

"Basi bamenitangulia." Akachukua kipande kingine. "Pilipili iko wapi?"

Hapakuwa na pilipili. Motari akaingiza mkono katika koti lake, akatoa kichupa kidogo, pilipili iliyosagwa katika mafuta ya mawese, nyekundu kama jua la Beni linapozama. "Sitembeake bila yeye," alisema. Akaimwaga kwenye bwawa la tomato, na chakula cha kampuni kikawa kimefika nyumbani.

Wifi alikuwa ameshika chipsi akiigeuzageuza kwenye mwanga. "Hizi ni viazi bya kwetu," alisema ghafla. "Lubero. Viazi bya fasi ingine hapana kuwa na hii rangi." Aliuma. "Ni bya kwetu!" Akamwita binti mwenye kofia amwulize. Binti hakujua, viazi huja katika magunia, alisema. Lakini wifi hakuhitaji ushahidi tena. Alikula sasa kama mtu anayekagua shamba la baba yake, kwa haki, na mkono wake na mkono wa baba ulikutana mara kwa mara kwenye mteremko wa ule mlima, bila kuombana radhi.

Mlima ukaisha. Baba alikusanya makombo kwa ncha ya kidole. Akamshukuru Mungu, akamwambia motari "wasingya", kwa Kinande, shukrani ya nyumbani, naye kijana akavaa kofia yake ngumu akatoka, maana mvua ilikuwa imekatika na wateja walishaanza kupiga kelele barabarani.

"Ni muzuri, Papa?" binti mwenye kofia aliuliza tulipopita.

"Mukate ni sukari na nyama ni uji," baba alimjibu. "Nimeshiba sana."

Walirudi Beni jioni ile ile. Juma lililofuata nilisubiri simu ya kuniambia amekwenda Mbau. Simu haikuja. Nilivumilia, kisha nikapanda gari kwenda kujionea mwenyewe.

Nilifika Mulekera saa ya chakula cha mchana. Joto lilikuwa limekaa juu ya mabati. Mlango wa sebule ulikuwa wazi, na kitambaa cheupe hakikuwepo mezani. Nilimwona wifi nyuma ya nyumba, kisu mkononi, akikata jani kubwa la mgomba. Alilipitisha juu ya moto hadi likalainika na kung'aa, akalifuta kwa maji, akalibeba kwa mikono miwili. Kwenye mkeka uani alikuwa ameweka sahani yake kubwa kuliko zote, ile ya ua la bluu. Akalitandika jani juu yake, akilikunja pembeni kwa uangalifu hadi bluu yote ikafunikwa, kisha akamimina obundu katikati, sombe huku, samaki kule.

Watoto walikuwa wameshakaa. Jirani wa upande wa pili alikuwa ameshakaa pia, na kwa jinsi alivyokaa ilionekana si mara yake ya kwanza. Baba alikuwa akipokea maji mikononi kutoka kwa mjukuu wa mwisho. Aliponiona alinisogezea nafasi kwenye mkeka kwa kiwiko. Koti halikuwepo, ni joto, lakini shati lake lilikuwa limeanza kupata mabega. Juu ya msumari ukutani, begi lake la Mbau lilining'inia, na mtu alikuwa ameshatia ndani yake vitunguu.

Alisali. Hakuna aliyeanza. Wote walikuwa wakimtazama wifi.

Yeye alikaa mahali pake, akakunja kitenge magotini, akainua pembe ya jani kwa vidole viwili, akalichunguza vizuri, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa mpangilio.

"Hii hapana sahani," alisema. "Ni jani."

Akatia mkono, na sisi sote tukatia.